Kutafuta Darubini Inayohesabu Mita

Mjomba wangu alitoa sharti lake huku anakula muhogo wa kuchoma, kwa hiyo mwanzoni nilidhani anatania.

Alikuwa amepata kibali cha kuwinda, halali, chenye mihuri yake, na gari alilokodi lilikuwa na nafasi ya watu wanne: yeye mwenye bunduki, dereva, askari wa wanyamapori ambaye kwa sheria lazima awepo, na mtu mmoja wa kusaidia. Kile kiti cha nne nilishajigawia mwenyewe kichwani. Nani mwingine angekikalia?

"Kiti cha nne ni cha atakayeniletea ile darubini inayohesabu mita," mjomba akasema, akipangusa pilipili vidoleni. "Na iwe inasema kweli. Alhamisi jioni isipokuwepo, namchukua jirani mwenye bucha. Yule ana sanduku zuri la barafu."

"Mjomba, mimi ni damu yako."

"Damu haipimi mita."

Nilijua maneno yale yanatoka wapi. Msimu uliopita alimpiga kongoni kwa kukadiria umbali kwa jicho, kama alivyozoea toka ujana wake. Jicho lilimwambia mnyama yuko karibu. Hakuwa karibu. Risasi ilishuka ikamvunja mguu, na wakamfuata kwa alama za damu kutwa nzima, mpaka jua linazama ndipo wakammaliza. Mjomba alirudi mjini kimya. Nyama aliigawa yote, hata kipande cha kuonja hakubakiza. Tangu siku hiyo aliapa kwamba hatanyanyua tena bunduki bila mtu kumwambia mnyama yuko umbali gani, kwa hesabu, si kwa kubahatisha.

Mimi nilikuwa nimekosa kwenda naye porini kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilipomaliza kidato cha nne nilipanda lori la kwenda Songea, na tangu hapo sijatulia. Nauza vyombo vya plastiki minadani, katika wilaya ambazo wengine huzisikia kwenye taarifa ya hali ya hewa tu. Kila msimu mjomba alipopiga simu, mimi nilikuwa Sumbawanga, au Masasi, au nimekwama mahali daraja limekatika. Sasa amepita sabini, na alikuwa ameshatamka, bila kuulizwa na mtu, kwamba hiki ni kibali chake cha mwisho. Baada ya hapo bunduki anaikabidhi polisi na yeye anaanza kufuga kuku. Nikikosa safari hii, basi nimekosa moja kwa moja.

Lakini sikuwa na huzuni hata chembe. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepewa mtihani akadhani majibu anayo.

Kitu chenyewe, kwa asiyekijua, ni darubini ndogo ya kuchungulia kwa jicho moja, inaenea kiganjani. Unaweka alama ya katikati juu ya unachokitaka, unabonyeza, inatuma mwanga ambao huuoni, mwanga unagonga kule na kurudi, na ndani ya kioo inatokea namba. Huo ndio umbali. Nilijisomea kwenye simu mpaka macho yakawasha. Kumbe ile namba kubwa inayoandikwa kwenye boksi ni ya ukuta mweupe siku ya mawingu; ukimwelekezea mnyama mwenye manyoya, jua limewaka, gawa kwa mbili na ushukuru. Kumbe pia kuna zinazopenda kushika kitu cha karibu zaidi, na porini kitu cha karibu zaidi ni jani. Unatakiwa upate yenye kitufe cha kuiambia iruke jani ikatafute cha nyuma. Zile zenye majina makubwa bei yake ilikuwa ya pikipiki. Nilifunga ukurasa kwa adabu.

Nilichohitaji basi ni ya bei ya mtu wa minadani, inayosema kweli mpaka mita mia mbili. Zaidi ya hapo mjomba hapigi, na mimi sioni.

Wala sikufikiria pengine pa kwenda zaidi ya Kariakoo. Nimezaliwa Ilala, nilikuwa nakatiza Mchikichini kwenda shule, nikipita katikati ya marundo ya mitumba, na viatu vyangu vyote vya utotoni vilikuwa na historia ya miguu ya watu wengine. Ninaponunua vyombo vyangu vya jumla ni Kariakoo. Kila nikirudi Bongo, mjini kwetu, nakuta kitu kimenitoroka. Zile nyumba za chini zenye baraza, ambako tulikuwa tunakaa kusubiri mvua ipite, sasa ni maghorofa ya vioo, na mvua unaisubiri chini ya bango la mtu. Hata hivyo najiona mwenyeji. Ndiyo maana mwanamke mmoja alipojitokeza mbele yangu kwenye kona ya Msimbazi, simu mbili mkononi, raba miguuni, nilimkata mapema.

"Mambo, kaka? Unatafuta nini nikupeleke?"

"Poa. Nimezaliwa hapa mimi."

"Sijakuuliza ulipozaliwa."

Alikuwa winga. Winga ni mtu asiye na duka wala meza; duka lake ni miguu. Anakupeleka kwenye unachokitaka, anaongeza chake juu ya bei, na wewe unafika umechoka nusu. Mimi winga simtaki, nikamwambia. Akanisikiliza namna ninavyotamka, akatabasamu.

"Mpare?"

"Mpare. Na wewe?"

"Kibosho."

"Mtani wangu! Basi ndiyo maana umenisikia. Nyinyi sarafu ikidondoka Moshi, mnageuka mkiwa Kariakoo."

"Sisi tunageuka, nyinyi mnaikanyaga halafu mnaapa haikudondoka. Haya nenda, mtani. Mpare anayetafuta cha bei nafuu, hapo mpaka maduka yafungwe."

Nikaenda zangu, kifua mbele.

Duka la kwanza lilikuwa la vifaa vya ujenzi. Muuzaji alinisikiliza, akaleta kipimo cha mafundi, kile kinachotoa kitone chekundu. Nilitoka nacho nje nikakielekeza upande wa pili wa mtaa. Kitone kikamezwa na jua na kioo kikaandika kwamba kimeshindwa.

"Hiki ni cha ndani ya nyumba," nikamwambia. "Mimi naenda porini."

"Porini si kuna vivuli?"

La pili waliniletea darubini ya macho mawili, kubwa kama chupa mbili za chai.

"Inahesabu mita?"

"Hii? Mpaka mwezini."

Mtaa wa Kongo ndipo mambo yalipoanza kunoga. Muuzaji wa duka la kamera alisema, "Ipo. Kaa," akanisogezea kigoda, akaagiza soda. Kariakoo hakuna duka linalosema halina. Wakikwambia ipo, jua ipo mahali fulani duniani, na mtu ameshatumwa. Nilimaliza soda, akaletewa mfuko mweusi wa ngozi, na ndani yake ilikuwemo: darubini ya jicho moja, nyeusi, kama nilivyoiona kwenye simu. Moyo ulinidunda kama wa mtu anayechumbia.

Nilisimama mlangoni nikachungulia mtaa. Sasa, Kongo huwezi kuona mbali, unaona visogo. Nilibonyeza: nne. Kisogo. Nikanyanyua kidogo: saba. Gunia la viatu kichwani mwa mbebaji. Nikanyanyua zaidi: kumi na moja, suruali iliyotundikwa.

"Oya, braza, unatupiga picha?" akafoka mbebaji.

"Nakupima tu!"

"Nipime na njaa basi!"

Mtaa mzima ukacheka. Nilimwomba muuzaji bei, akaitaja. Haikuwa mbaya, lakini mimi ni Mpare, na Mpare hanunui cha kwanza hata kama ni mchumba. Nikasema nazunguka kidogo kulinganisha.

Mtaa wa Sikukuu waliniletea ya pili, hii imefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Nyeusi vilevile, nikaona ndiyo rangi ya vitu hivi, kama matairi. Nilichungulia nikaona lenzi ni safi zaidi kuliko ya Kongo. Nilisema hivyo kwa sauti, na muuzaji akaafiki kwa kichwa, akasema ndiyo maana yake imezidi bei kidogo. Narung'ombe, ghorofa ya pili, waliniletea ya tatu ndani ya boksi la viatu vya mtoto. Hiyo ilikuwa nyepesi. Niliipimapima mkononi mbele ya muuzaji, kijana mnene mwenye miwani, nikamweleza tofauti ya uzito kati ya hii na ile ya Kongo kama mtu aliyekulia kiwandani. Bei ilikuwa imepanda tena. Nilikuwa nimefurahi mno. Utotoni Kariakoo hii hata betri za redio ulikuwa unapanga foleni, na leo nachagua darubini za leza, tatu kwa mkupuo!

Ndipo nikapata wazo ambalo hadi leo nikilikumbuka nacheka peke yangu.

"Kaka," nikamwambia kijana wa miwani, "nataka hii ya kwako na ile ya Kongo, nizione pamoja juu ya meza hii."

Akatazama darini. "Pamoja?"

"Pamoja. Nilinganishe ana kwa ana."

"Kwa wakati mmoja?"

"Sasa nitazilinganishaje kwa zamu?"

Alikuna shingo, akapiga simu kwa yule wa duka la kamera, na kwa kutojali au kwa uchovu akaweka sauti ya wote kusikia. "Huyu mteja wa darubini," akasema, "anaitaka na ya kwako hapa, aziweke pamoja."

 Kisha sauti ikajibu, bila hila yoyote, "Sawa, hakuna shida. Mwambie mtu aniletee hiyo ya hapo, niilete."

Kutoka ngazini kukasikika kicheko. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyejizuia kwa muda mrefu na sasa mbavu zimemshinda. Nikachungulia. Yule mtani wangu amekaa kwenye ngazi, raba kazivua, anajipepea kwa mfuko wa plastiki, machozi yanamtoka.

"Kaka! Utalinganishaje kitu na chenyewe?"

"Nini?"

"Ipo moja. Kariakoo yote ipo hiyo moja. Toka asubuhi naibeba mimi! Wewe ukitoka duka hili, mimi nimeshaitwa kwenye lile. Wewe unapita mbele unatembea kama bwana harusi, mimi napita uchochoroni nakimbia!"

Nilitazama darubini mkononi. "Lakini hii ni nyepesi kuliko ile ya Kongo."

"Ile ya Kongo uliishika una njaa. Baadaye nimekuona unakula chapati."

"Na lenzi ya Sikukuu? Ilikuwa safi zaidi!"

"Niliifuta kwa kanga!"

Kijana wa miwani alilala juu ya meza yake. Simu ilikuwa bado hewani, na yule wa Kongo naye akawa anacheka huko aliko, na mtu mwingine dukani kwake anauliza kuna nini, anaelezwa, anacheka. Mimi nilijaribu kuwa na uso wa mteja aliyedhulumiwa. Ulidumu kama barafu juu ya bati. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye sakafu, kwenye ghorofa ambapo zamani, nina hakika kabisa, palikuwa na baraza yetu ya kusubiria mvua.

"Haya, mtani," nikamwambia nilipopata pumzi. "Nimeshindwa. Nipeleke kwa mwenyewe."

"Ulipozaliwa hapa hukuambiwa?" akasema, na kuvaa raba zake.

Mwenyewe alikuwa mzee Mhindi mwenye duka la vitambaa, majora yamepangwa mpaka darini, harufu ya udi imetulia, na familia yake inakaa ghorofani juu ya duka kama babu yake alivyokaa. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuagiza tuletewe viti. Darubini ilikuwa ya mwanawe aliyekuwa akicheza gofu, akipimia nayo umbali wa shimo, mpaka mgongo ukamkataza. Mzee akabaki nayo, akaona aitafutie mteja, akampa huyu dada.

"Nitaikumbuka," akasema, akiipokea na kuipapasa. "Jioni nilikuwa nakaa nayo juu, kwenye veranda, napima kunguru. Kunguru wa ile nguzo, arobaini na moja. Kila siku arobaini na moja. Ndege mwenye nidhamu."

"Mita arobaini na moja, mzee?"

"Yadi. Nimeuza kitambaa kwa yadi tangu sijaota ndevu. Mita naijua, lakini siiamini." Akanionyesha kitufe cha kubadilisha, kisha kingine cha kuchagua kitu cha karibu au cha nyuma. Vyote nilivyovitafuta vilikuwemo. Kumbe hata visogo vya Kongo nilivipima kwa yadi.

"Na wewe utapima nini?" akaniuliza.

Mtani wangu akanikanyaga mguu. Nilielewa maana yake: sema gofu, sema viwanja, sema kunguru. Lakini mzee alikuwa ananitazama vizuri sana.

"Naenda kuwinda, mzee. Na mjomba wangu. Ana kibali."

Aliiweka darubini mezani, upande wake. "Sisi hatuli nyama," akasema taratibu. "Nyumba hii, haijawahi kuingia."

Niliona kiti changu kinaondoka na sanduku la barafu juu yake. Nikamwambia tu kilichotokea: habari za kongoni, ile kutwa ya damu, mjomba aliyerudi kimya, nyama aliyogawa yote, na kiapo alichoweka. Sikuwa na ujanja mwingine.

"Kwa hiyo hii ikimwambia mnyama yuko mbali, hapigi?"

"Hapigi, mzee."

"Na asipopiga, mnafanya nini?"

Mguu wangu ukakanyagwa tena, kwa nguvu zaidi.

"Tunanyata tumsogelee," nikasema.

Mtani wangu alifumba macho. Mzee alinitazama, halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka kidogokidogo, kavu. "Angalau wewe si mfanyabiashara," akasema. Kisha akatulia, akachezea kona ya jora lililokuwa mbele yake, akaikunja na kuikunjua.

"Yule aliyevunjika mguu. Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima."

Akaisukuma darubini upande wangu. "Mimi siuzi kitu cha kuulia. Nauza kitu cha kusema umbali. Mengine ni yenu na Mungu." Alitaja bei, na ilikuwa chini ya ile ya duka la kwanza, na humohumo kilikuwemo cha juu cha huyu dada. Nilipokuwa mlangoni akaniita. "Kijana! Mkirudi, usiniletee paja."

Ilikuwa bado Jumatano, na mimi nisingeweza kusubiri Alhamisi hata kwa kufungwa kamba. Nilimpigia mjomba, akasema tukutane Jangwani, kwenye uwanja wa wazi, saa kumi. Mtani wangu naye akanifuata. Nilimuuliza anakuja kufanya nini, akasema ameikimbiza ile darubini mtaa kwa mtaa, ana haki ya kujua kama inaona.

Mjomba alifika amevaa kofia yake ya porini na amebeba futi kamba ya wapimaji, ya mita hamsini, ameiazima kwa mtu.

"Shikamoo, mjomba," mtani akamwamkia.

"Marahaba. Wewe nani?"

"Winga wake."

"Mchaga," mjomba akasema. Hakuwa anauliza. "Sasa naelewa kwa nini amechelewa kupata."

Tulivuta futi mara mbili kutoka kwenye nguzo ya goli, mjomba ameshika mwanzo, mtani anatembea na mwisho wake, mimi napiga alama chini. Hatujamaliza, watu walishaanza kusogea. Vijana waliokuwa wanacheza mpira wakasimamisha mchezo. Mama muuza mihogo akaacha jiko. Nilikuwa nimesahau kwamba kwenye mji huu watu wakikuona unavuta futi kwenye uwanja wa wazi, hawadhani unacheza.

"Jamani, mnapima nini?" mzee mmoja mwenye kanzu akauliza, sauti yake si ya salamu.

"Ni bomoabomoa?" mwingine akadakia. "Na rangi nyekundu ya kuchora X kwenye nyumba mko nayo?"

"Huyu mwenye kofia ndiye bosi wao!"

Mjomba, ambaye amewahi kukabiliwa na tembo na asikimbie, alirudi hatua moja.

"Tulieni!" mtani akapaza sauti, mkono kiunoni. "Hatupimi kiwanja. Tunapima mbuzi!"

Walimtazama. Akanyoosha kidole kwa mbuzi wa kahawia aliyefungwa kwenye kichaka mbali kule. "Yule. Mpare anataka kumnunua, lakini kwanza lazima ajue yuko mita ngapi."

Kicheko kilichopasuka pale kiliwatoa hata kunguru kwenye goli. Kuanzia hapo tulikuwa na wapambe. Nilisimama kwenye alama yangu, nikaielekeza darubini kwenye nguzo, na mkono wangu, kwa furaha ile yote ya kutwa, ulikuwa unatetemeka hadharani. Nilibonyeza. Mia na ishirini. Nikabonyeza tena. Themanini.

"Goli linatembea?" mjomba akauliza.

"Kaa chini, weka viwiko magotini," mjomba akaongeza, kwa sauti ileile ya zamani ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi. Nilikaa. Nikavuta pumzi, nikaiachia nusu. Nikabonyeza.

"Tisini na tisa," nikasema.

Wapambe wakashangilia kana kwamba tumefunga bao. Mjomba akakunja uso. "Futi inasema mia. Hiyo moja iko wapi?"

"Ameificha Mpare," mtani akasema.

"Hapana," mjomba akasema, "hiyo ni cha juu chako." Na hapo nikajua ameridhika, kwa sababu mjomba hafanyi utani na kitu asichokiamini.

Tungeweza kuishia pale. Lakini alinyanyua kidevu kumwelekea yule mbuzi wa kahawia. "Usichungulie kwanza," akasema. "Ngoja mimi niseme." Alimkazia macho, akafinya jicho la kulia, kama nilivyokuwa nikimwona anafanya nikiwa mdogo, wakati akisema umbali ulikuwa ndio huo na hakuna aliyebisha. "Tisini."

Nilimweka mbuzi katikati ya alama. Nikabonyeza mara mbili, nipate uhakika.

"Mia moja arobaini na sita."

"Rudia."

"Mia moja arobaini na sita, mjomba."

Akachagua mkwaju uliokuwa nyuma zaidi. Akasema mia na ishirini. Ilikuwa mia na tisini. Akachagua baiskeli iliyoegeshwa. Nayo, kwa mara ya tatu, jicho lake liliivuta karibu kuliko ilivyokuwa. Wapambe walikuwa wameanza kurudi kwenye mpira wao.  Mtani wangu aliinama akaanza kukunja futi, polepole, kana kwamba ndiyo kazi aliyoijia.

Mjomba alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Kumbe si yule kongoni tu," akasema.

Nilimnyooshea darubini. Hakuipokea.

"Kaa nayo wewe. Mimi nitakuuliza, wewe utasema. Ukisema yuko mbali, nashusha." Alinigeukia. "Utathubutu kuniambia yuko mbali?"

"Nitathubutu."

"Hata nikikutukana?"

"Hata ukinitukana na ukoo wote."

"Ukoo wote ndio wangu, mpumbavu wewe," akasema, na meno yake machache yakaonekana. "Ijumaa, saa kumi alfajiri. Uje na sweta. Kule asubuhi kuna baridi."

Aligeuka akaelekea barabarani, akikatiza uwanja kwa ule mwendo wake wa porini, hatazami chini lakini hajikwai. Nilikaa chini tena, viwiko magotini, nikamwelekezea darubini mgongoni. Ishirini. Thelathini na tatu. Arobaini na saba. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, na nikaendelea kubonyeza, na namba zikaendelea kupanda, mpaka akageuka, akaniona, na akapiga kelele kutoka mita themanini na mbili kwamba niache upuuzi, namaliza betri.